Volkano Ndani ya Tangi la Kioo

Siku ile Gaston, fundi wa kuyeyusha shaba, alisimama mbele ya tanuru lake akiwa amevaa shati la kanisani. Daniella, mtoto wa mji huu huu wa Likasi, alikuwa amerudi na kamera nzito kama gunia la mahindi. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza filamu juu ya volkano za chini ya bahari, ya kuonyeshwa kwenye pazia refu kama nyumba ya ghorofa tano. Kitu kimoja kiliwashinda huko vilindini: kuona kwa karibu moto ukikutana na maji. Daniella akawaambia wakubwa wake, "Kwetu kuna fundi." Wakampa siku moja na mikanda miwili, kila mmoja wa dakika tatu.

Gaston angemimina taka ya madini iliyoyeyuka ndani ya tangi la kioo lenye maji.

"Papa, kamera inatembea!" Daniella akamwita mzee kwa heshima; mkanda ulikuwa umeanza kuzunguka.

Lakini Gaston hakuwahi kufungua tanuru bila maombi. Akavua kofia, akafumba macho. Akamshukuru Mungu kwa makaa, kwa samaki wa ziwa Tshangalele, kwa masomo ya jioni yaliyomfundisha kusoma akiwa na mvi, kisha akataja wajukuu wote kwa majina. Alipofumbua macho, kamera ilikuwa kimya.

"Papa, mukanda imeisha."

"Miye nilizani inangojea amina!"

Mkewe Henriette akapiga makofi. "Maombi yako iko mirefu kupita barabara ya Kapolowe!"

Daniella hakucheka. Kuweka mkanda wa pili kulichukua muda, na makaa ya kuchochea tanuru yalikuwa yamekwisha. Gaston aliona rangi ya uji wa madini ikishuka kutoka nyeupe hadi ya papai bivu.

"Imepoa, mutoto wangu. Tuache?"

"Tumimine vile iko, papa."

"Bwana, asante," akasema, macho wazi, akamimina.

Uji haukurukaruka. Ulishuka polepole, ukaota ngozi nyeusi, ukavimba, ukapasuka, ukazaa donge jingine jekundu, la mviringo kama mkate unaokaangwa kwenye mafuta.

"Ni vile vile!" Daniella akalia kwa furaha. "Chini ya bahari iko vile vile! Ingekuwa moto sana, ingevunjika kama muchanga!"

Gaston akachuchumaa karibu na kioo.

"Kumbe Mungu anafanyaka hii kwenye giza," akanong'ona, "na hakuna muntu wa kumuangalia."

"Sasa wataangalia," Henriette akamjibu.

Gaston hakuinuka mpaka ufa wa mwisho mwekundu ulipojifumba.