Mashine Iliyokula Vidole vya Kifua

Mashine ya kukunja mabati iliposhuka, Kifua hakupiga kelele. Waliopiga kelele ni wengine. Yeye alisimama tu, mkono wa kulia umebanwa, akiitazama damu ikichuruzika juu ya bati kama vile ni ya mtu mwingine. Dada yake mdogo, fundi umeme ambaye karakana nzima ilimwita Waya, ndiye aliyeruka akazima swichi kuu ukutani. Mashine ikalegea. Kifua akavuta mkono, vidole vikabaki kwenye bati.

Karakana waliachiwa na baba yao. Mashine ile ilipokea amri kutoka kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa pembeni kwenye boksi la chuma: skrini nyeusi, maandishi meupe, haina kipanya wala picha. Lango la kinga, lililozuia mikono isifike chini ya chuma kinachoshuka, lilikuwa na swichi ya kuonyesha kama liko wazi, na waya wa swichi ulifika hadi kwenye kompyuta. Lakini programu haikuwahi kuambiwa iusikilize. Aliyeiandika alishakufa, na hakuacha maandishi ambayo mtu angeweza kuyarekebisha.

"Nitaiandika upya," Waya alimwambia mama yao kwenye korido ya hospitali.

"Unajua kuandika mambo hayo?"

"Sijui, Mama. Nitajua."

Rafiki mmoja wa Waya alimnakilia kwenye diski kompaila ya lugha ya C, ile inayogeuza maandishi ya mtu kuwa amri za kompyuta. Ilikuwa ya bure, na ya umri ule ule wa mfumo wa kompyuta yao. Za kisasa zisingekubali kukaa humo. Waya aliiweka, akaandika jina lake ili aiite. Kompyuta ikajibu kwamba haiijui amri hiyo. Akaita tena. Haiijui. Akapiga boksi ngumi hadi ngozi ya vifundo ikachubuka, akatukana matusi ambayo mama yake hakujua kama anayajua. Mwishowe akaelewa: ilibidi aandike, kwenye faili linalosomwa kompyuta inapowashwa, folda ambamo kompaila imekaa. Akaandika, akazima, akawasha. Kisha akatunga programu yake ya kwanza, ya kuonyesha neno moja tu, akasahau nukta mkato, kompaila ikamkaripia, akaiweka. Skrini ikaandika: NIPO.

Alikuwa bado anacheka peke yake Kifua alipoingia. Mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, wa kushoto unaburuta nyundo kubwa ya kuvunjia mawe.

"Ondoka hapo."

"Kaka, subiri. Tazama kwanza."

"Nimesema ondoka! Hicho kidude kimenimaliza, halafu wewe unakichekea?"

Nyundo ikapanda. Waya akajitupa mbele ya kompyuta, na nyundo, ambayo mkono mmoja usingeweza kuizuia tena, ikamshukia begani. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu kinachovunjika. Hata hivyo hakuanguka. Alimrukia kaka yake, akamng'ata sikio, wakabiringishana sakafuni juu ya vipande vya bati vilivyowachana wote wawili. Kifua alimpiga kichwa cha pua. Waya aliukanyaga ule mkono wa bendeji, makusudi kabisa, akajua ni makusudi. Ndipo Kifua alipolia kwa sauti aliyoibana tangu siku ya ajali.

Mama yao aliwakuta hivyo, damu zimechanganyika. Akawamwagia ndoo ya maji machafu ya kupozea vyuma.

"Niueni mimi kwanza," alisema, "halafu mmalizane vizuri!"



Waya aliporudi kazini, mkono wake wa kuandikia ulikuwa umening'inizwa shingoni, na kule kudonoadonoa kibodi kwa mkono usiozoea kulimtia wazimu. Kifua alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya kibodi.

"Sema," alinong'ona. "Niandike nini?"

Waya hakumtazama. "Andika: kama lango liko wazi, simamisha. Subiri, si kwa maneno hayo. Fungua mabano."

"Mabano yapi?"

"Yaliyojikunja. Hayo siyo! Una macho kweli?"

Wakaendelea hivyo, mmoja na mkono wa kushoto tu, mwingine na maneno tu, wakitukanana kila mstari. Kompaila ilikataa, wakasahihisha, ikakataa tena, na hatimaye ikanyamaza; kunyamaza kwake ndiko kukubali.

Waliweka gogo chini ya chuma cha mashine. Lango likiwa limefungwa, chuma kilishuka, gogo likapasuka na vibanzi vikaruka hadi kwenye kioo cha kompyuta. Wakaweka jingine, safari hii Waya akafungua lango chuma kikiwa njiani. Kikasimama hapo hapo, hewani, kinatetemeka.

"Ngoja tuone kama ni kweli," alisema Kifua, akaupeleka mkono wake uliobaki mzima chini ya chuma.

Kibao alichopigwa na Waya kilisikika hadi barabarani. Alipepesuka, akashika shavu, akamtazama mdogo wake aliyekuwa anatokwa na machozi.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema.

"Sikusamehi," Waya alimjibu. "Bado. Toa mkono wako hapo, lete gogo jingine."