Kitufe Kimoja

Nilikuwa nimechutama kwenye tope, kanga nimeikunja hadi magotini, na ndege ndogo ya kuchezea ya mume wangu ilikuwa inaelea mbele yangu kwenye maji ya rangi ya chai. Nilikuwa nimeishika mkia isichukuliwe na upepo. Kisanduku chake cha kuiongozea kilikuwa pembeni yangu, juu ya gunia. Mume wangu na jirani yetu walikuwa wamepanda ukingoni kumpokea mgeni. Nikautazama usukani wa mkia, ule niliouunga mie mwenyewe kwa sindano na uzi, nikaingiwa na wasiwasi kwamba uzi umeloa na kukaza. Basi nikanyoosha mkono, nikabonyeza kitufe mara moja.

Usukani ukalala kulia, laini, bila kukwama. Nikaachia, ukanyooka. Nikafurahi peke yangu kama mjinga. Nilitaka kubonyeza mara ya pili, maana nilijua fika kwamba ya pili ni lazima, lakini nikasikia viatu vya mgeni vikishuka kwenye kokoto, nikautoa mkono.

Sasa nina miaka themanini na kitu, na wajukuu hunisifu kwamba bibi anakumbuka kila jambo. Ningeweza kuchagua, hilo moja ningelitoa nikabaki na mengine.

Mume wangu Leodegar alikuwa karani wa simu ya upepo. Tulitoka Bukoba mwaka wa arobaini na sita, tukapanga Kariakoo kwanza, halafu Temeke, chumba kimoja na ukumbi mdogo. Kazi yake ilikuwa kuvaa visikizi masikioni, kusikiliza milio inayotoka melini na kuigeuza kuwa maneno. Aliniambia kwamba mkono daima uko nyuma ya sikio: unaandika neno la nyuma huku unasikia la mbele, na manne matano ya katikati unayabeba kichwani. Alijivunia hilo. Mie nilimtania kwamba kichwa kinachobeba maneno ya meli nzima kinashindwa kukumbuka kuniletea chumvi.

Mwaka wa hamsini na nne, mvua za vuli, homa ikampanda kichwani. Siku tisa hakunijua mie ni nani. Alipoinuka kitandani alikuwa amebaki mifupa, na kumbukumbu zake zimetoboka. Siku moja alilisahau jina la mtoto wetu Revelian kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na hakutaka nimwambie. Siku nyingine alitoka kwenda dukani akaenda moja kwa moja mpaka Kariakoo, kwenye nyumba tuliyokwisha hama, akapiga hodi. Ofisi ikampa mapumziko ya miezi sita. Karani mkuu, Bwana Elinaza, Mpare mmoja mtaratibu, alisema kwamba baada ya hapo ataangaliwa tena. Sie tulielewa. Mtu wa simu ya upepo asiyeweza kubeba maneno kichwani hana kazi pale.

Ndege ilianzia kwenye sanduku. Mzungu mmoja fundi wa mitambo, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia Leodegar vitu vyake vya kuchezea: injini ndogo ya kukaa kiganjani, kisanduku cha kuiongozea ndege kwa simu ya upepo, chenye waya mrefu wa kusimama, na majarida yenye ramani za ndege. Lilikaa chini ya kitanda miaka miwili. Sasa mtu hana kazi, anashinda ndani anaangalia ukuta, akalivuta. Ramani za ndege za maji zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na tumbo la mashua, nyingine ilisimama juu ya maboya mawili. Yeye alipenda ile ya tumbo. Mie nikasema hiyo mjamzito itazama siku ya kwanza. Tukabishana siku mbili nzima, na nilibisha kwa makusudi, maana tangu augue hakuwa amebishana na mtu. Mwishowe akachagua ya maboya, akasema moja likivuja jingine litaishikilia, lakini nisidhani ni kwa sababu yangu.

Maboya aliyachonga jirani yetu Nikodemu, Mmakonde wa Newala, ambaye maisha yake yote alikuwa anachonga mpingo. Ya kwanza aliyaleta yamefunikwa kwa kanga ya mkewe. Yalikuwa samaki wawili, na magamba, na macho, na mazito kama michi. Leodegar alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu homa.

"Bwana Nikodemu," alisema, "hii ni ndege. Itabidi iruke."

Nikodemu akaenda zake amenuna. Akarudi baada ya wiki na maboya ya mti wa msufi, ameyachimba ndani mpaka ukiyainua juani unaona mwanga. Mabawa niliyavika mie. Nilipata vipande vya hariri kwa fundi cherehani, nikavigandisha kwenye mbavu za ufito, nikavinyunyizia maji. Vikikauka vinajikaza vyenyewe kama ngozi ya ngoma. Chumba kizima kilinuka vanishi na mafuta ya mbarika, na Revelian alikwenda shule ananuka hivyo hivyo.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kwenye kisanduku. Hakikuwa na kulia wala kushoto. Kilikuwa na kitufe kimoja. Ukibonyeza na kushikilia, usukani unalala kulia, ukiachia, unanyooka. Ukibonyeza tena, unalala kushoto. Tena, kulia. Hakuna alama, hakuna taa ya kukuonyesha. Anayejua ni zamu ya upande gani ni wewe mwenye kidole, na ndege iko juu haikungoji ufikiri. Leodegar alisema hata yule Mzungu alikuwa anasahau, ndiyo maana aliivunja yake.

Nikamwambia aweke punje ya hindi mfukoni, kila akibonyeza aihamishe upande wa pili. Alikasirika kweli.

"Mama Revelian, mie sitafuti ndege," alisema. "Nataka kujua kama nimo." Akajigonga paji la uso kwa kidole.

Kuanzia hapo nikawa mwalimu wake, tena mkali. Tuliiweka ndege mezani, akabonyeza, halafu nikamchokoza. Nilimtuma maji. Nilimwambia ahesabu kutoka mia kurudi nyuma. Nilimzulia ugomvi juu ya dada yake. Katikati ya ugomvi nauliza, "Zamu ya wapi?" naye anajibu, halafu tunabonyeza kuona. Mwezi wa tatu alikosea mara nyingi. Mwezi wa nne alikosea mara mbili. Mwezi wa tano hakukosea. Hata mara moja. Jumapili moja tukaenda Kipawa, kwenye shimo walikochimba kokoto ambalo masika yalikuwa yamelijaza, na ndege ikapaa, ikazunguka, ikarudi ikatua majini miguuni pake. Alinitazama. Nilijua mume wangu amerudi, na yeye alianza kujua, lakini alitaka ashuhudie mtu mwingine asiyempenda kama mie.

Akaenda kwa Bwana Elinaza. Akamweleza kila kitu, kitufe na zamu zake, akamwomba aje aone. Bwana Elinaza akajibu, "Ikienda na kurudi, ndugu yangu, Jumatatu barua ya kukurudisha naiandika kwa mkono wangu."

Ndiyo siku ile. Tulitoka misa ya kwanza tukaenda kwa miguu, Nikodemu amebeba mabawa, mie kisanduku. Nyumbani kabla ya kutoka Leodegar alikuwa ameangalia usukani, akasema, "Zamu iliyopo ni ya kulia," akanikataza nisiguse tena.

Sasa wanashuka, na mgeni yuko mbele, kofia mkononi. Leodegar anamweleza. "Zamu iliyopo ni ya kulia. Sijaribu hapa chini. Nimetoka nayo Temeke kichwani hivyo hivyo."

Nikafumbua mdomo. Bwana Elinaza akanigeukia akasema, "Shemeji, habari za nyumbani?" Nikasema nzuri. "Watoto?" Hawajambo. "Na huko Bukoba?" Wazima wote. Alipomaliza, Leodegar alikuwa amekwisha kiokota kisanduku na Nikodemu yuko majini anazungusha panga la injini.

Bado palikuwa na nafasi. Sitaki kujitetea. Lakini kwetu nilifundwa kwamba mume humkosoi mbele ya mgeni. Hata akimpitisha mgeni njia siyo, unafuata, na mgeni akiondoka ndipo unasema. Na mgeni huyu alikuja kupima kichwa cha mume wangu. Nikajiona nikisema, Baba Revelian, umekosea, siyo kulia, na mwenzake anasikia kwamba hata mkewe anamsahihisha. Nikawaza pia atanikasirikia kwa kugusa. Nikawaza labda atajaribu mara moja kabla ya kuiachia. Niliwaza mengi, na injini ikawaka.

Ilikimbia juu ya maji ikiacha mistari miwili, kisha mistari ikakatika na ndege ikawa hewani. Bwana Elinaza akasema, "Loo," kwa sauti ya chini. Ilielekea upande wa Pugu, ikapanda, ikamelemeta. Kulia kwetu kulikuwa maji matupu. Kushoto kulikuwa ukuta wa udongo mwekundu waliokata wachimbaji, na mikorosho juu yake.

"Kulia," Leodegar akasema kwa sauti, ili mgeni asikie, akabonyeza.

Ndege ikainama kushoto.

Angeachia na kubonyeza tena, ingegeuka. Jambo la kufumba na kufumbua. Alilijua hilo kuliko mie. Lakini hakuachia. Alisimama amekandamiza kitufe, haitazami ndege, anakitazama kidole chake, na uso wake ulikuwa uso wa zile siku tisa. Mie nilikuwa hatua tano kutoka alipo. Neno "bonyeza tena" lilikuwa mdomoni mwangu, nililihisi kwenye meno, na sikulisema. Ndege ikazunguka kushoto, duara likiwa dogo zaidi na chini zaidi, mpaka ikaingia kwenye ukuta wa udongo.

Nikodemu akaenda kuokota vipande. 

"Mama Revelian," Leodegar akaniita. "Nilisema kulia, siyo?"

"Ulisema kulia."

"Basi."

Akamgeukia mgeni, akampa mkono, kwa heshima zote. "Usiiandike ile barua, bwana. Nakushukuru umekuja." Bwana Elinaza akajaribu kusema kwamba mashine ni mashine, kwamba labda tutafute Jumapili nyingine. Leodegar akatikisa kichwa. Akasema melini kuna watu.

Walimpa kazi ya utarishi katika ofisi ile ile. Alibeba barua zilizoandikwa na wale aliowafundisha yeye. Miaka kumi na mitatu alibeba, na hakupoteza hata moja, wala kuifikisha kwa asiye mwenyewe. Mie nilikuwa nalisema hilo kwa watu, tena kwa ukali, na yeye akisikia anasema ni kwa sababu anaandika kila kitu. Ni kweli, aliandika. Alikuwa na daftari mfukoni, na kwenye kiganja aliandika kwa wino. Asubuhi aliniuliza kama leo ni Jumanne. Ilikuwa Jumanne. Hakukosea, lakini hakuacha kuuliza.

Nililala na neno lile miaka miwili. Wiki ya kwanza niliona aibu. Mwezi wa kwanza niliogopa. Baada ya hapo nikajiambia ameshazoea, nisimtoneshe kidonda. Ni uongo, niliogopa tu. Siku niliyosema alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi, pasi ya mkaa, madirisha wazi. Nilisema yote bila kusimama: tope, uzi, wasiwasi, mara moja, viatu kwenye kokoto, habari za Bukoba. Nikamwambia, ulikuwa sawa. Kichwa chako kilikuwa sawa. Aliyeharibu ni mie.

Aliisimamisha pasi. Akaja akakaa karibu yangu kitandani, akanishika mkono, na kwa kitambo kidogo niliona amani usoni pake nikadhani ameipokea.

"Umeifikiria siku ngapi hii?" akauliza.

"Sikuifikiria, Baba Revelian. Ndivyo ilivyokuwa."

"Umeipanga vizuri. Mpaka uzi umeukumbuka."

Nikaapa. Nikaapa kwa Bikira Maria, kwa mtoto wetu, kwa kaburi la mama yangu. Akanizuia, akasema nisijitie dhambini kwa ajili yake.

"Una huruma sana, Auleria," alisema. Kwa kawaida hakuniita kwa jina langu. "Lakini mie ni mtu mzima. Nilikuwepo pale. Nilijiona."

Nililia mbele yake, na yeye ndiye aliyenibembeleza. Kisha akainuka kwa sababu mkaa ulikuwa unapoa. Akalishika shati, akaligeuza huku na huku.

"Mgongoni nimeshapita?"

"Umeshapita," nikamwambia.

Akalitandaza upya, akalipiga tena.