Nyumba ya Toto

Neno lenyewe lililetwa na Jared, mhandisi kijana kutoka Busia upande wa Kenya, mwenye buti mpya za mpira na Kiswahili cha taarifa ya habari. Alisimama mbele ya watu wa senta ya Okoboi, kijiji cha soko upande wa Uganda, wiki chache baada ya mto Malaba kupanda kingo zake na kuondoka na nyumba zao karibu zote, akawaambia kwamba shirika lake halikuja kujenga tu. Lilikuja kujenga kwa namna endelevu.

Watu walitazamana. Upande huu wa Tororo Kiswahili ni cha kuuzia na kununulia, na neno kama hilo halijawahi kupita sokoni. Mwenyekiti Imalingat, ambaye hajawahi kukiri hadharani kwamba kuna jambo asilolijua, akainuka kusaidia.

"Endelevu ni kitu yenye inaendelea," alisema. "Wanajenga, wanajenga, hawaachi."

Makofi yakapigwa. Siku ile hakuna aliyejua kwamba mwenyekiti amesema kweli tupu.

Akiror alikuwa ameketi nyuma kabisa, mawazo yake yote kwa mama mkwe wake. Bibi Aanyu alikuwa kizee mwembamba, mkali wa ulimi, aliyeokoka mafuriko kwa kubebwa mgongoni na Akiror mwenyewe. Tangu siku hiyo wawili hao walilala chini ya turubai kwenye uwanja wa kanisa, na kikohozi kikamwingia bibi kifuani kikakataa kutoka. Alikuwa na ombi moja tu: aote moto wake, ndani ya nyumba yake, kabla hajazikwa. Akiror alikuwa amemwahidi. Mume alikwisha kufa zamani, na kwake yeye ahadi ile ndiyo iliyobaki ya ndoa.

Kwa hiyo Jared alipopita akiuliza nani ana shida kuliko wengine, Akiror hakuzunguka mbuyu.

"Mimi niko na toto yangu," alimwambia. "Toto iko mgonjwa. Inakohoa sana, chakula inakataa. Baridi itaua yeye."

Kwa Kiteso, toto ni mama. Kwa Kiswahili cha Jared, toto ni toto. Machozi yakamlengalenga kijana wa watu. Siku hiyohiyo akawapigia simu wakubwa wake Kampala, na nyumba ya kwanza ya mradi, nyumba ya mfano, ikapewa mjane mwenye mtoto mchanga mgonjwa.

Kosa lilipokuja kugundulika, msingi ulikwisha kuchimbwa, na kitanda cha mtoto, cha mwanzi, chenye vizuizi pande zote, kilikwisha kununuliwa. Bibi Aanyu alikitazama sana kile kitanda.

"Hii kijana inataka mimi nizaliwe tena?" aliuliza. Akaweka vitunguu vyake humo, na nyumba ilipokwisha kikaingizwa ndani na vitunguu vyote.

Tuseme haki: nyumba ilikuwa nzuri. Ilikaa juu ya jukwaa la mawe lililomfika mtu mzima kifuani, na ngazi zake. Matofali yake hayakuchomwa. Yalikuwa udongo ulioshindiliwa kwa mashine ukaachwa ukauke, kwa sababu, alivyoeleza Jared, ni tanuri za matofali zilizoimaliza miti ya kilima, na ni kilima kipara kilichowateremshia maji. Hakuna aliyembishia. Nusu ya wanaume waliokuwa pale walikuwa wachomaji matofali, nao wakawa wanatazama vidole vya miguu yao. Kulikuwa na tangi la maji ya mvua na taa za jua. Kulikuwa na jiko la gesi ya samadi ya ng'ombe, lisilotoa moshi hata chembe. Moto nao halikutoa, maana Akiror hakuwa na ng'ombe. Ng'ombe walikuwa katika awamu ya pili.

Mambo mengi yalikuwa katika awamu ya pili. Nyumba za watu wengine wote zilikuwa huko. Ile moja ya mfano ilikuwa imelimeza fungu zima la kwanza, kwa kuwa mashine ilitoka mbali, wataalamu walitoka mbali zaidi, na kila mtaalamu alilala hoteli ya Tororo mjini akiutafakari umaskini wa Okoboi. Sasa wakubwa wangekuja kuiona. Wakiipenda, fedha za nyumba nyingine zingetoka. Wasipoipenda, basi tena.

Kwa hiyo nyumba isiguswe. Jared alimkabidhi Akiror ufunguo kama mtu anayeomba msamaha. Asiwashe kuni ndani, chokaa ya ukutani itachafuka. Asiingize kuku. Na kulala, je? Hapo kijana alikuna kichwa.

"Subirini kidogo tu, mama," alisema. "Wageni wakishapita, ni yenu kabisa. Mtaishi fiti."

Akiror akauning'iniza ufunguo shingoni, akahamisha turubai lake kutoka kanisani hadi kando ya jukwaa, akawa askari wa nyumba yake mwenyewe. Wageni wakaahirisha. Wakaahirisha tena. Felistus, muuza mitumba, kila asubuhi akipita na furushi lake kwenda mpakani, alikuwa akipaza sauti barabarani.

"Akiror! Bado inaendelea?"

"Inaendelea!"

Bibi Aanyu naye aliegemea mawe ya jukwaa, akakohoa, akaupapasa ukuta pale mkono ulipofika.

"Nyumba yangu ni mzuri," alisema. "Siku moja nitaona pia upande ya ndani."

Akiror alicheka, kisha akaenda nyuma ya tangi akalia kidogo.

Hatimaye habari zikaja kwamba wageni wanafika kesho, bila kukosa. Senta nzima ikamiminika kwa Akiror na mifagio. Waliopoteza nyumba walipangusa madirisha ya nyumba isiyo yao kwa upendo wa ajabu, maana zao zote zilikuwa zimening'inia kwenye hii moja. Mwenyekiti Imalingat alifunga utepe mwekundu mlangoni, akarudi nyuma kuutazama, akaufunga upya.

Alasiri mbingu ikawa nyeusi upande wa mlima Elgon. Okoboi mvua haikunyesha sana, na hilo ndilo lililowadanganya. Maji yalikuja na mto kutoka juu, yakazunguka nyuma ya soko kimyakimya, na watu walipoyaona yalikuwa magotini. Waliokota watoto, mbuzi na sufuria, wakakimbilia mahali pekee palipoinuka. Turubai la Akiror lilipita mbele ya macho yao likielekea Kenya bila pasipoti.

Sasa mvua ikaanza kweli. Senta yote ilisimama juu ya jukwaa la mawe, chini ya ukingo wa bati, ikilowa. Na hapo ndipo ungewaona watu wa Okoboi: walisimama wima, migongo mbali na ukuta, wasije wakachafua chokaa. Hakuna hata mmoja aliyeomba mlango ufunguliwe.

"Usifungue, Akiror," alisema Imalingat, maji yakimchuruzika puani. "Kesho wageni iko. Tuvumilie tu."

"Tuvumilie," alisema Felistus, akitetemeka.

Bibi Aanyu hakuwa na cha kuvumilia nacho. Alikohoa mpaka akaporomoka, na Akiror alipomdaka alihisi mbavu zake zikigongana mkononi. Hasira ikampanda. Alimkasirikia Jared na kitanda chake, mwenyekiti na utepe wake, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa kuutembeza ufunguo ule shingoni siku zote hizo huku mama akioza na baridi mlangoni pake. Akaufungua mlango. Aliyekata utepe ni Bibi Aanyu, kwa kifua, akipita.

Nyuma yake ikaingia senta nzima, na mbuzi.

Lile jiko la samadi lilikuwa likingojea ng'ombe kama kawaida. Akiror akatoka akang'oa mawe matatu ukingoni mwa jukwaa, akayapanga sakafuni. Kuni kavu hazikuwapo Okoboi nzima siku ile. Akatazama huku na huku, akamwaga vitunguu, akakivunja kile kitanda cha mwanzi kwa goti. Kiliwaka vizuri sana. Moshi ulipanda ukutani, ukatandaza weusi wake juu ya chokaa, na Bibi Aanyu akanyoosha viganja vyake kwenye ndimi za moto, akafumba macho.

"Hii," alisema, "ndiyo toto yako alikuwa ananyimwa."

Kulipokucha maji yalikuwa yamerudi mtoni. Magari ya wageni yakaja yakinguruma kwenye tope. Aliyeshuka wa kwanza ni Bi Dorah, mkubwa wa mradi, na Jared nyuma yake. Senta haikuwapo. Ilikuwapo nyumba moja, juu ya jukwaa lake, na kutoka mlangoni mwake watu walikuwa wakitoka mmoja mmoja wakipiga miayo, wote wazima, hata mbuzi.

Bi Dorah aliingia. Aliutazama ukuta mweusi kwa muda mrefu.

"Kumbe imeshatumika," alisema.

"Lakini madam, imesimama," alisema Jared. "Maji hayakuingia. Watu wote wako hai."

"Naona. Ila sisi tulileta wageni waone mfano."

Jared alifungua mdomo mara ya pili, kisha akakumbuka kwamba mkataba wake unaisha mwezi ule. Ikaamuliwa kwamba mfano mwingine utajengwa kwingine, kwenye mwinuko mkavu ambako mafuriko hayajawahi kufika na kuta zitabaki safi. Wakang'oa kibao cha MAKAZI ENDELEVU kilichopigiliwa juu ya mlango, wakakipakia, wakaondoka.

Ndipo watu wakamgeukia Akiror.

"Si nilisema usifungue?" aliuliza Imalingat, nguo zake bado zikinuka moshi.

"Umekula nyumba zetu," alisema Felistus. Mtoto wake alikuwa amelala usingizi mzito mgongoni mwake, mkavu kabisa.

Na ilikuwa kweli. Kwamba bila hivyo wangekuwa wakimzika mtu asubuhi ile, nayo ilikuwa kweli, ila kweli ya namna hiyo haiezeki paa. Ilimuuma. Tangu siku hiyo Felistus alipita barabarani kimya na furushi lake, na Akiror akagundua jinsi alivyoizoea ile kelele ya kila asubuhi.

Ilipokaribia Krismasi, alasiri moja, mbingu ikawa nyeusi tena upande wa Elgon. Akiror alisikia nyayo kwenye ngazi. Wa kwanza alikuwa Felistus, kamba ya mbuzi mkono huu, na mkono ule mzigo wa kuni kavu uliofungwa kwa nailoni. Hakusalimia. Aliuweka mzigo karibu na mafiga, akakaa kuutazama ukuta. Nyuma yake alikuja mwenyekiti na kuni zake, na nyuma ya mwenyekiti wengine.

"Nani huko?" aliuliza Bibi Aanyu kutoka pembe yake ya moto.

"Ni ile watu haituongeleshi, toto."

"Waambie wafunge mlango," alisema bibi. "Baridi inaingia."