Mbao Nyeupe za Fundi Skwea

Fundi Skwea hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuambiwa. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya skwea ya chuma aliyoichomeka kiunoni, ambayo alipimia kila pembe, ziwe zake au za watu. Akialikwa mahali, kabla hajanawa mikono huwa ameshaona kwamba meza ya mwenyeji imekaa upande. Mkewe alizoea kusema kuwa hata siku ya posa, mumewe alimtazama baba mkwe huku amefumba jicho moja, kama anayekagua ubao uliopinda. Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, lakini hakukanusha.

Kitu kimoja tu alikiamini bila kukipima, nacho ni jicho lake mwenyewe. Kwa kuchagua mbao nyeupe ngumu, mji mzima ulimvulia kofia. Na kazi hiyo si lelemama. Mbao nyeusi ina huruma: ukikosea unapaka rangi, na kosa linalala. Nyeupe haimtunzii mtu siri. Gundi ikivuja kwenye kiungo, vanishi itaitangaza. Ukiishika na mkono wenye grisi, kidole chako kitabaki kwenye kabati la watu mpaka kwa wajukuu. Gogo likichelewa kupasuliwa, unyevu huingiza madoa ya buluu hafifu ndani ya mbao, na kuna mbao nyingine ambazo zimezaliwa na umanjano wake. Changanya hizo na zile safi kwenye kabati moja, na kabati litaonekana kama nguo yenye viraka. Ndiyo maana Skwea alikwenda kwa muuza mbao kuchagua yeye mwenyewe, ubao mmoja mmoja. Shemeji yake alibaki na kazi ya kuzifuata na kuzileta.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wa mkewe. Alikuja kwenye karakana hana hata ndevu za kukuna, akafundishwa kushika randa, na sasa alikuwa fundi kamili mwenye mke na nyumba. Alikuwa mkimya, mlaji mzuri, na mikono yake ilikuwa na subira kuliko mdomo wake. Skwea alimpenda. Tuseme hivyo mapema, kwa sababu yaliyofuata hayafanani na mapenzi.

Shaka ilianza kwenye ncha ya kidole. Walikuwa wanatengeneza makabati na milango ya duka la magauni ya maharusi, kazi kubwa ambayo kila familia yenye binti ingeiona. Mwenye duka, mshonaji maarufu, alisema anataka mbao nyeupe na vanishi isiyo na rangi, basi. Skwea alikuwa anapiga randa ubao wa mlango wa kwanza, kidole chake kikatafuta kifundo kidogo cha tawi karibu na ncha. Alikikumbuka kifundo hicho. Alipouchagua ubao ule alijiambia atakigeuzia upande wa bawaba, mtu asikione. Kifundo hakikuwepo. Ubao ulikuwa mzuri, umenyooka, mkavu. Ila haukuwa wake.

"Shemeji, huu ubao umeutoa wapi?"

"Kule kule kwa muuza mbao," shemeji akajibu bila kuinua kichwa.

Mtu mkweli huinua kichwa, Skwea akajiambia, akasahau kwamba mtu anayechonga kiungo kwa patasi lazima ainame, vinginevyo atajichonga mwenyewe.

Tangu siku hiyo amani ikamtoka. Ukishaanza kumshuku mtu, hata akipiga chafya unaona ana njama. Skwea akakumbuka kwamba kila Alhamisi alasiri shemeji yake huaga anakwenda kunyoa, na hurudi na nywele zile zile. Akakumbuka jinsi muuza mbao anavyomchangamkia kijana huyo kuliko anavyomchangamkia yeye, mteja wa miaka. Akakumbuka pia kwamba mara mbili ameingia jikoni akawakuta mkewe na mdogo wake wananong'ona, na mazungumzo yakakatika kama uzi.

Hesabu yake ikatoka hivi: shemeji anafungua karakana yake kimya kimya. Mbao safi zinazochaguliwa na jicho la Skwea anaziweka kando kwa ajili yake, halafu analeta za daraja la pili kujaza pengo. Siku duka la maharusi litakapofunguliwa na makabati yenye madoa, jina litakaloharibika si la shemeji. Kikulacho ki nguoni mwako. Na kinachouma zaidi, nguo yenyewe ilikuwa ya mkewe. Kumfukuza kijana yule ni kutia ufa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Akaamua kutega. Walipohitaji mbao za makabati ya ukutani, alikwenda kuchagua kama kawaida, akazisimamisha mwangani, akazipapasa, akazitenga. Muuza mbao alipogeuka kumhudumia mteja mwingine, Skwea akachomoa patasi na kukata alama ndogo kwenye kitako cha kila ubao, alama ya ukubwa wa punje ya mchele. Kesho yake shemeji akashusha mzigo karakanani. Skwea akasubiri mwenzake aende kunywa maji, akainama akakagua vitako. Baadhi vilikuwa na alama. Vingi havikuwa nayo.

Akakaa juu ya mbao hizo hizo. Alikuwa ametaka sana aonekane mjinga kwa shaka zake, na sasa alikuwa na ushahidi.

Jioni, mezani, akamgeukia mkewe.

"Mdogo wako Alhamisi anakwendaga wapi?"

"Si anakwenda kunyoa."

"Nywele zake nimeziona. Zinaweza kusukwa."

Mkewe akaanza kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake. "Mume wangu," akasema baada ya kuipata, "kuna mambo mengine ukiyaacha yalivyo, hayakudhuru."

Maneno hayo yalimchoma kuliko alama zote zilizokosekana. Kumbe na huyu anajua. Alilala amegeukia ukuta.

Asubuhi akaenda moja kwa moja kwa muuza mbao. Hakuhitaji kutafuta sana: mbao zenye alama yake zilikuwa zimeegemezwa nyuma ya banda, peke yake.

"Nazichukua hizi mbili," akasema.

Muuza mbao akajikuna shingo. "Hizo ziache, fundi. Ongea na shemeji yako kwanza."

"Nitaongea naye, usiwe na wasiwasi. Nitaongea naye mbele ya watu."

"Fundi, mimi nakuheshimu," muuza mbao akasema, macho yake yakiwa chini kwenye maranda. "Ziache."

Skwea hakuziacha. Alizifunga kwenye mkokoteni, akapita kwenye duka la magauni na kumwomba mshonaji afike karakanani mara moja kuhusu kazi yake, kisha akamwita na mkewe. Za mwizi arobaini, alijisemea njia nzima, na alisikitika kuona kwamba msemo huo haumpi furaha yoyote.

Walipofika, alikuwa amezisimamisha mbao mlangoni, mahali penye mwanga wa kutosha: mbili zenye alama upande wa kulia, mbili alizoleta shemeji upande wa kushoto. Shemeji alisimama kando ya meza ya kazi, msasa mkononi. Alipoziona zile za kulia, akaufahamu mkasa wote. Aliuweka msasa chini taratibu.

"Shemeji," akasema, "tuongee sisi wawili kwanza."

"Wawili wa nini? Mwizi hupenda kuongea pembeni." Skwea akamgeukia mshonaji. "Mama, umenipa kazi kwa sababu ya jicho langu, na mimi sitaki kukudanganya. Hizi ndizo mbao nilizokuchagulia kwa mkono wangu. Na hizi ndizo alizokuletea huyu ndugu wa mke wangu. Zangu alizirudisha, sijui kwa faida ya nani. Ziangalie, useme mwenyewe."

Mshonaji alikuwa mtu aliyeishi na weupe. Asubuhi mpaka jioni alitofautisha nyeupe ya hariri na nyeupe ya pamba. Akatoa kwenye mkoba kipande cha kitambaa cha gauni, akakiweka juu ya ubao wa kushoto, kisha juu ya ubao wa kulia. Akarudia. Akakunja uso.

"Ulizochagua wewe ni zipi?"

"Hizi za kulia."

"Hizi?"

"Hizo, mama."

"Fundi, huu ni wa njano kama siagi. Na huu mwingine umeingia buluu kuanzia hapa mpaka hapa." Kidole chake kilishuka karibu urefu wote wa ubao. "Nyeupe ni hizi za kushoto."

Skwea akacheka kidogo, akisubiri mwingine naye acheke. Akausogelea ubao, akakaza macho mahali kidole kilipopita. Aliona nyuzi zimenyooka. Aliona kazi nzuri ya msumeno. Buluu hakuiona. Akatazama wa kushoto, akarudi wa kulia, na vile vipande viwili vya mti vikamtazama kwa rangi moja. Akainua macho kwa mkewe ili amsaidie, na mkewe alikuwa ameangalia sakafu kama muuza mbao alivyoangalia maranda yake. 

"Mama, kosa ni langu," shemeji akasema haraka. "Nimevuruga mzigo nilipokuwa naupakua. Fundi alichagua hizo nyeupe. Hizi za njano nimezichanganya mimi."

Mshonaji akamtazama kijana aliyetoka kuitwa mwizi, halafu akamgeukia Skwea. "Ndivyo?"

Njia ilikuwa wazi. Angeitikia kwa kichwa tu, jina lake lingebaki lilipo, na mzigo ungebebwa na yule aliyezoea kuubeba. Na tusimpambe: alifikiria. Koo lake lilikuwa limeshaandaa neno.

"Sivyo," akasema. "Hizi nilizichagua mimi. Nilizipenda. Hata sasa hivi nikiziangalia, kwangu mimi zote nne ni moja."

 Mshonaji akakikunja kitambaa chake. Hakuwa mkatili, lakini duka lilikuwa lake. "Sasa nani atanichagulia zilizobaki?"

"Yule yule aliyekuwa anakuchagulia," Skwea akasema, akimwonyesha shemeji.

"Basi na mimi nitakuwa napita na kitambaa changu," akasema, akaondoka.

Mkewe ndiye aliyeanza. "Ni tangu mvua zilizopita. Uliniambia ukuta wa sebule umepakwa nyeupe nzuri, na ulikuwa wa njano. Nikajua macho yana ukungu. Ningekwambia, ungekubali?"

Skwea alijua jibu, na mkewe alijua kwamba analijua.

"Na Alhamisi?" akamuuliza shemeji.

"Nakwenda kumpangia muuza mbao mzigo wake, bila malipo. Ndio makubaliano yetu, ili anibadilishie zile mbaya." Shemeji alikuwa ameokota msasa wake lakini hakuutumia. "Miezi yote hii nimekusitiri, shemeji. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia bila kukuaibisha. Wewe ulipohisi kitu hukuniuliza hata mara moja ukakaa usikilize. Umeniita mwizi mbele ya dada yangu na mbele ya mteja."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

Mkewe alimshika mdogo wake bega, akatoka bila kumtazama mumewe. Karakana ikabaki na wanaume wawili na kazi ya watu. Shemeji akarudi kwenye kiungo chake akampa mgongo. Skwea alijihisi mzee ghafla. Alikuwa na hofu, tena hofu ya kitoto, ya mtu aliyeambiwa kwamba mchana anaouona si mchana wote. Kisha, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono, akaenda kwenye mbao zilizobaki za makabati, akachomoa mbili, akazisimamisha.

"Shemeji. Hizi mbili, ipi ni nyeupe?"

Msasa ukaendelea kukwaruza.  Halafu kijana akageuza shingo, akatazama kwa jicho la hasira.

"Ya kushoto."

Mtu aliyekasirika kiasi kile angeweza kumwonyesha mbovu, akamwacha aumbuke mwenyewe mbele ya mshonaji. Skwea aliliwaza hilo papo hapo, hakuwa amebadilika ndani ya saa moja. Mikono ilishaanza kuupeleka ubao mlangoni kwenye mwanga, aukague mwenyewe. Akairudisha. Akaubana ubao wa kushoto kwenye jiriwa, akachukua randa, akaanza kazi.