Kanisa chini ya Godoro

Mwanaharusi alinyanyua godoro la usufi akalianike juani, na hapo akaiona picha juu ya kamba za kitanda, imefunikwa gazeti. Picha kuukuu ya kuchapwa, ya rangi: kanisa la mawe, mnara mrefu, mbingu ya buluu iliyofifia. Mumewe Pazi, mtu asiyekosa swala, kanisa la nini?

Pazi alikuwa ametoka Unguja kumzika ami yake, na tangu arudi hasemi ila kwa kuulizwa. Mwanaharusi akairudisha picha, akaanza kumchunguza. Pazi akiswali, yeye anamtazama midomo. Akichelewa shambani, anajiuliza: kaenda kwa nani? Labda Unguja kuna mwanamke wa Kikristo. Labda keshabatizwa. Mwishowe likamshinda, akamnong'oneza wifi yake, Kidawa.

Kidawa hakuiweka siri. Kabla ya Ijumaa, kaka yake Mwanaharusi, Shamte, mjumbe wa nyumba kumi pale kijijini Kanga, alibisha hodi na wazee wawili.

"Shemeji, katika kijiji cha ujamaa hatufichani. Tuoneshe hiyo picha."

Pazi alimtazama mkewe. Mwanaharusi akainamisha uso. Pazi akaingia chumbani, akatoka nayo.

"Hili ni kanisa la Mkunazini, Unguja," alisema. "Kabla halijajengwa, pale palikuwa soko la watumwa. Bibi yangu mzaa baba aliuzwa pale akiwa mtoto, akaletwa huku Mafia kwenye minazi. Ami aliitunza picha hii maisha yake yote. Mimi ni Mwislamu. Nilichokificha ni bibi yangu."



"Kumbe!" Shamte akasema polepole. "Tulimwoza dada yetu kwa mjukuu wa mtumwa."

Mwanaharusi alihisi aibu ikimpanda, na haikuwa aibu ya mumewe. Ni ulimi wake mwenyewe uliowaleta watu hawa barazani.

"Kaka, mkutanoni ulituambia binadamu wote ni ndugu zako. Ulikuwa unatudanganya?"

Shamte aliondoka bila kuaga, na miezi ikapita hajakanyaga pale. Mwanaharusi alitundika picha ukumbini. Pazi hakumzuia, wala hakumshukuru, na kwa muda mrefu, kila mkewe alipokwenda kwa Kidawa, alimuuliza, "Leo umekwenda kusema nini?"