Kuku Zangu Kumi Zimeenda Bungoma

Asubuhi nilikuwa napima kuku. Nafunga miguu na kamba, nainua na ile mizani ya kuning'iniza, naandika nyuma ya daftari ya hesabu. Kwa zangu kumi hakuna hata moja ilikuwa chini ya kilo mbili. Halafu nikapima kumi za Mama, upande ule mwingine wa waya. Kila moja kilo moja na robo hivi. Moja mdomo wake ulikuwa umeganda unga, kama mtoto amekula uji na hakuna mtu wa kumpangusa.

Zote zililetwa hapa Tuwan siku moja, kwa katoni moja. Ni za nyama, ziko wiki sita. Na hizo kumi zangu ndizo zilikuwa zile dhaifu. Zikiwa wiki moja Mama alizitoa kando akaniambia, "Nekoye, hizi ni zako. Zikikufa usilie."

Hazikukufa, na najua kwa nini.

Chakula ya kuku zetu inatengenezwa na Ankol Eliakim, ndugu mdogo wa Baba. Ako na poshomili Kiminini. Mama alinituma huko nikaona vile anafanya. Wamama wako kwa laini na debe zao, wanataka unga ya ugali, laini kabisa. Ankol hataki kuzima injini abadilishe chekeche aweke ile ya matundu makubwa. Kwa hivyo mahindi ya kuku inapita hapo hapo, inatoka unga ya ugali. Kuku akikula inamganda kwa mdomo, anakimbia kujiosha kwa maji, na chakula inabaki huko kwa maji.

Halafu ile pakiti ndogo ya vitamini. Ankol aliimwaga juu ya gunia, akageuza na koleo mara mbili, akashona. Mimi nilisoma pakiti. Imeandikwa wazi: changanya kwanza na unga kidogo, halafu uongeze, halafu uongeze tena mpaka ienee. Vile anafanya, kuku wa kukula ya juu ya gunia wanapata zote, wa kukula ya chini wanapata unga tupu.

"Ankol," nikasema, lakini kwa hii sauti yangu ndogo. Injini ikanifunika.

Basi nikachota vijiko vitatu vya vitamini kwa karatasi. Sikuomba mtu. Nyumbani nikawa natwanga mahindi kwa kinu kila jioni nikitoka shule, ibaki chengachenga. Omena na soya nikaweka kama vile Ankol anaweka, na vitamini vile pakiti inasema. Mikono ikatoka malengelenge. Mama akawa ananicheka, "Kuku za Nekoye ziko na mpishi!"

Leo saa nane Ankol amekuja na pikapu ya rafiki yake Thuo. Nilidhani amekuja kuona kwa nini kuku za Mama hazikui, kwa sababu Mama alimpigia. Akasimama kwa mlango wa banda, akaangalia pande zote mbili, akafungua upande wangu.

"Hizi sasa ndio kuku! Thuo, kuja uone chakula yangu."

"Hizo ni zangu," nikasema. "Hazijakula chakula yako."

"Ati nini, mama?" Ananiita mama kwa sababu niko na jina ya mama yake. "Ongea bana, unaongea kama panya."

"Nilitwanga kwa kinu."

Wakacheka wote wawili. Ankol akageukia Mama, alikuwa nyuma yetu. "Shemeji, umesikia? Msichana ameshinda mashini!"

Nikamletea daftari. Hakufungua.

"Na hizi zingine, shemeji?" Mama akauliza. "Mbona zimekonda?"

"Hizo ni ugonjwa. Ama huyu msichana wako anazinyima maji."

Mimi! Mimi mwenye naamka saa kumi na moja kumwaga hayo maji imejaa unga yake!

Mama habishani na watu wa Baba. Wakafunga kuku zangu kumi na kamba ile ile nilikuwa napimia, wakaweka kwa pikapu. Ankol anapeleka Bungoma kwa Senge Joan, dada yake na Baba. Kesho Senge na wamama wa kanisa yao wanaletewa vifaranga mia mbili, mara yao ya kwanza, na wanataka kuona kuku kabla wachague watanunua chakula ya nani. Ankol atasimama mbele yao na kuku zangu aseme, oneni.

"Nitakuletea zingine, mama," akaniambia kwa dirisha. "Si kuku ni kuku?"

Hapana. Na zile za wamama zikiganda mdomo pia wataambiwa ni ugonjwa, ama ni wasichana wao wananyima kuku maji. Na mimi nilisimama tu hapo, daftari mkononi, mpaka pikapu ikaingia barabara.

Mama amelala. Nimechukua simu yake, iko na kredo ya meseji moja. Nimeandika nikafuta, nimeandika tena:

"Senge ni Nekoye. Hizo kuku 10 ni zangu, zimekula mahindi nimetwanga mimi. Zenye zimekula chakula ya Ankol ziko hapa kwetu, kilo 1 na robo wiki ya 6. Usinunue kabla abadilishe chekeche na achanganye vitamini vizuri. Muulize mbele ya wamama alipima kuku lini."

Imeenda. Simu imesema imefika. Hiyo ilikuwa saa tano usiku.

Sasa ni saa saba. Senge hajajibu.