Ghorofa ya Miguuni

Miaka ile ya bugaluu, suruali zilibana mapajani na kupanuka chini kama kengele, zikafagia barabara za mji mzima bila mshahara. Ndani ya bugaluu kulijificha raizoni, viatu vya soli nene kama tofali, na aliyezivaa alitembea kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke watakavyo, mji haujapendeza tena vile. Hata foleni ya posta ilikuwa ya kutazamwa: rangi ya machungwa, zambarau, kijani cha kuumiza macho, na kila mtu kasimama wima kama aliyevishwa cheo.

Aliyezipenda raizoni kuliko wote ni fundi redio mmoja, mfupi, ambaye mtaa mzima ulimwita Nukta. Hata mama yake mzazi alishazoea. Kwa kazi hakuwa na mpinzani: redio iliyokwisha kukata roho aliigusa hapa na pale, ikakohoa, ikasafisha koo, ikaimba. Umeme haukumtisha. Kilichomtisha duniani ni sindano ya hospitali, na mtu kumwambia, "Hebu simama tukuone."

Raizoni zake zilitengenezwa na jirani yake, fundi viatu. Jamaa alipanga vipande vya mbao nyepesi tabaka juu ya tabaka, akavitia gundi, akavipiga msasa siku nzima, kisha akavivika ngozi ya kahawia hata usione kipande kilipoanzia wala kilipoishia.

"Hivi si viatu, ndugu yangu, hii ni ghorofa," alimwambia. "Ukipanda, usisahau kuna kushuka."

Nukta alipanda. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, aliona vumbi lililokuwa juu ya kabati lake mwenyewe. Alisimama akalitazama vumbi lile kwa furaha kama mtu aliyefika kileleni.

Wiki hiyohiyo akaingia muuguzi mmoja wa zahanati, mrefu, kakumbatia redio ya mama yake. Nukta aliinuka kwenye kigoda, akaendelea kuinuka, mpaka macho yao yakakutana sawasawa. Muuguzi akatabasamu kama aliyekumbuka jambo.

"Fundi unaitwa nani?"

"Nukta."

"Nukta? Mbona nukta yenyewe imeota miguu?"

Kuanzia hapo redio ile iliharibika mara nyingi kuliko redio yoyote mtaani. Wakaanza kutembea pamoja jioni, bugaluu kwa bugaluu. Wenzao walipovua viatu wakakanyaga majani bustanini, Nukta alisema miguu yake haipatani na umande. Hatimaye muuguzi akamwambia, "Jumapili njoo nyumbani. Mama na Bibi wanataka kukuona."

Nukta alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwa fundi viatu. Alitaka kumuoa, hilo alishaliamua. Lakini binti alimpenda nani, yeye au yule wa juu?

"Na ukishuka?" fundi viatu akamuuliza.

"Sishuki."

"Utalala nazo?"

Nukta akainama kuzifuta vumbi.

Jumapili ikafika. Mlango wa kina muuguzi ulikuwa wazi, na kizingitini viatu vya nyumba nzima vimepangwa mstari, pua zikitazama ukuta. Ndani, sakafu imepigwa nta inang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu.

"Karibu, mjukuu wangu," akasema Bibi, aliyeketi akiutazama mlango. "Viatu hapohapo."

"Bibi, shikamoo. Miguu yangu ina baridi kidogo."

"Marahaba. Zulia lipo."

Nukta akasimama, mkono umeng'ang'ania fremu ya mlango. Muuguzi alikuwa nyuma ya kiti cha Bibi. Bibi akamtazama mgeni kuanzia kichwani, akashuka taratibu mpaka chini, macho yakamcheka.

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Mgeni wangu anakaa ghorofani, na nyumba yenyewe haina ngazi."

Angeweza kusema ameshindwa, akapewa jibu na watu wakacheka. Au angegeuka akaenda zake. Nukta akaiachia fremu ya mlango.

"Ni mimi, Bibi. Mimi na raizoni zangu."

Akainama, akafungua vifungo, akashuka. Bugaluu ikamwagika sakafuni kama pazia lililokatika kamba, ikamfunika miguu, na sehemu yake ikabaki nyuma kizingitini. Akamwinulia macho muuguzi. Safari ilikuwa ndefu.

"Huu ndio urefu wangu," akasema. "Kama ulimtaka yule wa juu, niambie sasa hivi."

"Urefu wako naujua," muuguzi akajibu. "Nilikupima mwenyewe."

"Lini?"

"Ulipokuja zahanati kutaka cheti cha afya, kabla hujanunua hizo. Nikakuvua viatu, nikakusimamisha ukutani, nikakushushia kipimo kichwani. Ila ulifumba macho kuanzia mlangoni. Tulipomaliza ukauliza, 'Imeshaingia?' Na sindano yenyewe siku ile haikuwepo!"

Bibi akacheka mpaka kiti kikalia.

"Sasa mbona hukusema?" Nukta akauliza.

"Niseme nini? Ulikuwa na raha zako huko juu. Halafu ulipendeza, sikufichi."

Kelele hizo zikamtoa mama mtu chumba cha ndani. Alikuwa fundi cherehani, na futi ya kupimia ilimning'inia shingoni hata Jumapili. Akaokota raizoni moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Kaziunga nani hizi? Mbona kiungo hakionekani? Huyu mtu ana mikono!"

"Lete hapa," Bibi akaamuru. "Nanyi nishikeni, nami nikaone."

Wakamvisha, wakamshika huku na huku, akapanda. Akayumba, akatulia, akaangaza macho chumba kizima kama malkia.

"Kumbe!" akasema. "Sakafu mnaipiga nta, na juu ya kabati mmefuga vumbi!"

Mama mtu akajifanya hakusikia. Alikwisha kupiga magoti mbele ya Nukta, pini mdomoni, akikunja ule upindo uliozagaa sakafuni.

"Tulia, mwanangu. Hii tunaipandisha, na upana wake wote tunauacha. Upana huu haukatwi."

Nukta akaiona pini inamjia mguuni. Akafumba macho.

"Fumbua," muuguzi akamnong'oneza, akamshika mkono. "Safari hii nataka uone nani anakupima."